Mita Kumi na Tano

Kwanja lina uungwana mmoja ambao watu hawausemi: likikosea, linamuumiza aliyelishika. Aliyeanza kufyeka tangu shule ya msingi ana alama yake kwenye ugoko, na alama hiyo ni deni lililokwisha kulipwa kati yake na chuma chake. Jirani hahusiki. Mtoto anayecheza ng'ambo ya ua hahusiki. Mashine ya kufyekea ya petroli imeivuruga hesabu hiyo. Anayeibeba amevaa gambuti, ana mkanda begani, pengine na miwani. Jiwe linalotoka kwenye kisu chake linakwenda kumpata mtu mwingine, ambaye hata hakujua kama leo kuna kazi ya kufyeka mtaani.

Watu wakisema mashine hii ni hatari, mawazo huenda moja kwa moja kwenye mguu wa mfyekaji. Miguu huumia, na vidole pia. Lakini kadiri ninavyoitazama kazi hii ikifanyika ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba hatari yake kubwa imehama mkononi, ikaenda kwa wasioishika. Na hatari ikihama, wajibu nao huhama. Hapo ndipo tulipochelewa.

Yenyewe si kioja tena. Masika yakikatika, nyasi zikiwa kiunoni, mlio wake unatoka kila upande: viwanja vya shule, kando ya barabara kuu ambako wakandarasi hushindana na majani yanayoficha alama, makaburini, kwenye mashamba ya minazi. Huko Masasi, Newala na Tandahimba imewakuta watu walioshazoea injini ndogo ya kubeba mwilini, kwa sababu mashine za kupulizia salfa dhidi ya ubwiriunga zimekuwa migongoni mwa wakulima wa korosho kwa miaka mingi. Mkulima huyo anataka chini ya mkorosho kuwe kweupe kabla ya msimu. Korosho zikidondoka huokotwa ardhini, na ile iliyojificha kwenye majani ni hela iliyoachwa shambani. Kazi iliyokuwa ikimaliza wiki ya vibarua kadhaa, kijana mmoja mwenye mashine anaimaliza kwa muda mfupi, akachukua chake akaenda shamba la pili. Sina ugomvi na hilo. Anayewahimiza wengine warudi kwenye kwanja kwa ajili ya mapenzi ya mambo ya kale, mara nyingi hajalishika kwanja lenyewe jua likiwa utosini.

Ila ile kasi ina bei, na bei hiyo inapigika kwa hesabu. Chukua kisu cha kawaida cha duara, kipenyo milimita 255. Mzingo wake ni sentimita 80. Kikizunguka mara 7,000 kwa dakika, na hiyo si kasi ya ajabu kwa mashine hizi, ncha yake inakwenda mita 93 hivi kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 330 kwa saa. Kokoto ikiguswa na ncha hiyo haisukumwi, inarushwa. Kizibo cha soda, kipande cha chupa, kokwa la embe, msumari uliobaki tangu nyumba inajengwa: vyote huondoka kwa mwendo ambao jicho haliwezi kuuona, sembuse kuukwepa. Ndiyo maana vitabu vya maelekezo vinavyokuja na mashine hizi, vile ambavyo hubaki ndani ya boksi na nailoni yake, vinataja umbali wa mita 15 kwa kila mtu asiyehusika na kazi, na kwa wanyama pia.

Mita 15 ni nyingi kuliko unavyodhani. Simama kwenye mstari wa goli utazame mbele: ukingo wa eneo la penalti uko mita 16 na nusu. Huo ndio ukubwa wa duara ambalo mfyekaji anatembea nalo, yeye akiwa katikati, na kila anapopiga hatua duara linasogea naye. Alilokuwa nalo mlangoni si alilo nalo sasa chini ya dirisha la darasa.

Sasa lilete duara hilo mjini. Kiwanja kinachouzwa zaidi pembezoni mwa miji yetu ni cha 20 kwa 20. Ukisimama katikati ya kiwanja hicho, ukiwa umekizungushia ukuta au michongoma, mita 15 zinavuka mpaka pande zote nne: zinaingia jikoni kwa mama jirani, zinafika kwenye kamba yake ya nguo, zinakatisha barabara ambako bodaboda wamepaki. Kwa maneno mengine, hakuna mtu mwenye kiwanja kinachotosha mashine hii. Anayeiwasha uani kwake anaiwasha pia uani kwa jirani yake, bila hodi. Ukuta wa tofali unasaidia. Michongoma haisaidii, na seng'enge ni balaa jingine, kwa sababu ncha yake iliyolegea ikinaswa na kisu inageuka kiboko cha chuma.

Ningependa tuanzie hapo, kabla ya plagi na kabureta. Kabla kamba ya kuwashia haijavutwa, mtu apite milango ya pande nne. “Hodi jirani. Tunawasha mashine hapa kwetu, tafadhali mwingize mtoto ndani, na lile gari lisogee kidogo.” Maneno hayo yanachukua dakika chache na hayana gharama yoyote. Nimewaona watu wakiyasema, na nimeona jinsi majirani wanavyoyapokea: wengi hushukuru, mmoja hulalamika kelele, mwingine huomba na kwake pafyekwe. Kazi ya kufyeka imepata wateja wapya kwa njia hiyo. Lakini walio wengi huvuta kamba kwanza, jirani akajulishwa na mlio.

Kuna jambo jingine la mila ambalo waandishi wa vile vitabu vya maelekezo hawakulijua. Kwetu mtu hapiti penye mtu anayefanya kazi bila neno. Atasema “pole na kazi”, au “hongera kwa kazi”, na anatazamia kujibiwa. Mfyekaji amevaa vifuniko vya masikio, injini inanguruma, kichwa kimeinama. Hasikii. Basi mpita njia, badala ya kuendelea na safari, anasogea. Anarudia salamu kwa sauti zaidi. Anasogea tena, labda kwa nyuma, amguse bega. Na mwenye mashine, akishtuka, anageuka na mwili wote, na fimbo ya mashine yenye urefu wa zaidi ya mita moja inageuka naye.

Nimelifikiria sana jambo hili, kwa sababu kinachomvuta yule mtu kwenye hatari ni adabu. Mgeni asiyejali angepita mbali. Na upande wa pili ni vilevile: kijana mwenye mashine anaogopa kuonekana hana heshima. Mzee akipita akamnyamazia, jioni habari zitafika nyumbani kwao kwamba siku hizi mtoto wenu akishika mashine hasalimii watu. Kwa hiyo utawaona wengine wameacha sikio moja wazi, kifuniko kimesukumwa nyuma ya kichwa, ili shikamoo ya mtoto isimpite wala mzee asimpite bila yeye kumwamkia. Sikio hilo moja linalipa gharama ya heshima ya mtaa mzima.

Dawa yake ninaijua kwa kuiona ikifanya kazi. Mfyekaji haendi peke yake. Anakuwa na mwenzake, aghalabu mdogo wake au kibarua, anayekaa mbali akiwa na reki, na kazi yake ya kwanza ni watu. Yeye ndiye anayepokea salamu kwa niaba ya mashine. “Marahaba, marahaba, pitieni huku, mwenzangu hasikii.” Mtu akilazimika kuzungumza na mwenye mashine, anapita mbele, mbali, anapunga mkono mpaka aonekane, kisha anasubiri injini izimwe. Izimwe kabisa, isiachwe ikinguruma. Hapo ndipo salamu zinapopewa nafasi yake, ndefu kama ilivyo desturi, na hakuna aliyekosewa heshima.

Chombo chenyewe kina historia inayochekesha kidogo. Mwaka 1971, mjini Houston, Texas, George Ballas, mtu aliyekuwa akiendesha studio ya densi, alikuwa kwenye mashine ya kuoshea magari. Akatazama brashi zinavyozunguka kwa kasi, zikitoa tope kila pembe bila kuikwaruza rangi. Nyumbani alikuwa na miti mingi na majani yaliyoota mashinani mwake, ambako kisu hakifiki bila kuchubua gome. Akachukua kopo la bisi, akalitoboa, akapitisha uzi wa kuvulia samaki kwenye matundu, akalifunga kwenye mota. Ukafyeka. Kampuni zilizokuwepo hazikuutaka ugunduzi wake. Akatengeneza na kuuza mwenyewe, mpaka mwaka 1977 alipoiuza biashara hiyo kwa kampuni ya Emerson Electric.

Wazo zima, basi, lilikuwa upole: kitu laini, kinachopata ukali kwa mwendo tu, kikikutana na kigumu kinakubali kushindwa. Uzi wa nailoni ukigonga jiwe unalika. Ukigonga mti unakatika, na kipande kilichokatika ni chepesi, hakina uzito wa kwenda nao mbali. Na sisi tumefanya nini? Uzi ukiisha, na dukani umepanda bei, tunafunga waya wa breki ya baiskeli. Nimeona hata waya wa kufungia nondo. Unafyeka vizuri sana, mwenye mashine atakwambia, na hasemi uongo. Lakini waya hauliki polepole. Unachoka kwa ndani, kisha unakatika ghafla, na kile kipande kinaondoka kwa mwendo wa risasi, na hakuna anayejua kitatoka upande gani wala saa ngapi. Kati ya mazoea yote mabaya ya kazi hii, hili ningelikataza kwanza. Mengine yanaweza kujadiliwa.

La pili ni kuvua ngao, ile ya plastiki iliyo juu ya kichwa cha mashine kwa upande wa mfyekaji. Huvuliwa kwa sababu majani mabichi hujazana chini yake na kazi inasimama. Anayeivua anaona ameongeza kasi. Hajui, au amesahau, kwamba kwenye ngao ya uzi kuna kiwembe kidogo kinachoupunguza uzi ukizidi urefu. Ngao ikitoka, kiwembe kimetoka; uzi unarefuka, injini inaburuta mzigo ambao haikupimiwa, klachi inateleza na kupata moto. Baada ya miezi kadhaa mashine inapelekwa kwa fundi, na fundi analaumu aliyeitengeneza.

Ukitaka kujua kama mtu ameizoea kazi hii, usimtazame mikono, mtazame kiuno. Mashine hutakiwa kuning'inia yenyewe kwenye mkanda, upande wa kulia wa nyonga, kichwa kikielea juu kidogo ya ardhi hata kama mikono imeachia. Mikono ni ya kuongoza tu. Aliyebobea anageuza mwili kutoka kulia kwenda kushoto, taratibu, kisha anarudi kulia bila kukata, anapiga hatua fupi, anarudia. Nyasi zilizokatwa zinalala upande wa kushoto kwa mstari, tayari kwa reki. Mgeni anakata kwenda na kurudi, akirusha mikono kama anayepiga kwanja, na kabla ya adhuhuri mgongo umekwisha.

Sababu ya kulia kwenda kushoto si urembo. Kwenye nyingi ya mashine hizi kisu, ukikitazama kutoka juu, kinazunguka kinyume cha mshale wa saa. Kifikirie kisu hicho kuwa uso wa saa, na saa sita iko mbele yako. Sehemu ya kati ya saa sita na saa tisa, yaani mbele kuliani, ndiyo yenye shetani. Ikigusa kisiki au shina gumu, kisu hakiingii. Kinasukumwa, na mashine nzima inaruka kando kwa nguvu, ikimvuta mwenyewe. Upande wa kushoto wa kisu ndio wa kufanyia kazi. Wanaofyeka chini ya mikorosho wanalijua hili kwa mwili, maana pale kuna visiki vya machipukizi yaliyokatwa mwaka jana, vifupi, vimejificha kwenye majani. Mkanda mzuri una kifungo cha kuachia haraka, na kifungo hicho kijaribiwe kabla ya kuwasha. Wengi hukigundua baada ya ajali.

Kwanja lilikuwa na jambo lingine: likigusa kitu kisicho nyasi, mkono unapata habari. Mtu anasimama, anainama, anatazama. Mashine haileti habari. Kamba ya mbuzi ikiwa imelala majanini na kigingi chake, unajua ipo pale inapokuwa imeshajisokota kwenye kichwa cha mashine, na kigingi kinakuja. Kwa hiyo macho yanatangulia. Mfyekaji mzuri anazunguka eneo lote kwanza, mikono mitupu, polepole, akiokota chupa, akifunua mafungu, akisikiliza nyigu. Kwa aliyemwajiri ataonekana anapoteza muda. Malipo ya kazi hii hutolewa kwa eneo, si kwa saa, na kila dakika ya kutazama inatoka mfukoni mwa mfyekaji mwenyewe. Nitalirudia hilo.

Injini ina tabia zake. Nyingi ni za mipigo miwili, ukoo wa ile aliyoisajili Joseph Day huko Bath, Uingereza, mwaka 1891. Haina vali wala bakuli la oili. Mchanganyiko wa hewa na mafuta hupita kwanza chini ya pistoni ndipo upande juu kuwaka, na kwa kuwa oili imo ndani ya petroli yenyewe, injini inalainishwa ikiwa imelala, imeinama au imegeuzwa. Ndiyo maana inafaa kubebwa. Na ndiyo maana petroli tupu ni sumu kwake. Wavuvi wa Pwani wenye mashine za boti za mipigo miwili wanalijua hilo kuliko wengi wetu: hakuna anayetia petroli kwenye tanki bila kuuliza kwanza kama imechanganywa.

Kipimo kinategemea mashine na oili. Kama maelekezo yanasema 50 kwa 1, ni mililita 20 za oili ya 2T kwa lita moja ya petroli. Kama yanasema 25 kwa 1, ni mililita 40. Watu hupima kwa vizibo vya chupa, na vizibo havilingani. Bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yake, linapatikana duka la dawa na linamaliza ubishi. Oili ikipungua, pistoni inakauka na injini inanoki. Hapo hesabu yake ni kununua mpya. Ikizidi, moshi unajaa, plagi inakuwa nyeusi, masizi yanaziba ekzosi na nguvu inapotea kidogo kidogo mpaka mwenyewe anazoea, akidhani ndivyo ilivyo. Changanya kwenye kidumu kilichoandikwa, tikisa, usichanganye ya mwezi mzima, maana petroli hiyo huchacha. Na tafadhali, isiwe chupa ya maji ya kunywa. Nyumba yenye watoto na chupa ya rangi rangi juu ya ndoo haihitaji maelezo yangu.

Kujaza mafuta mashine ikiwa ya moto ndiko kunakoonyesha jinsi malipo ya eneo yanavyomharibu mtu. Tanki liko karibu sana na ekzosi, na mvuke wa petroli hausubiri cheche kubwa. Iachwe ipoe. Ijazwe mahali peupe, kinachomwagika kifutwe, kisha isogezwe mita tatu au zaidi ndipo iwashwe. Ni dakika kumi za kivuli na maji ya kunywa, ambazo mwili nao ulikuwa unazidai.

Jioni, kisu kikiwa kimesimama na waya wa plagi umechomolewa, huanza ile nusu ya kazi isiyolipwa. Chujio la hewa la sponji linaoshwa kwa maji ya sabuni, linakamuliwa, linaanikwa. La karatasi linakung'utwa tu. Kila baada ya saa 25 hivi za kazi giaboksi ya kichwa inataka grisi. Plagi ikitolewa iwe na rangi ya kahawa, na mwanya wake uwe kati ya milimita 0.6 na 0.7. Kisu kinakaguliwa kwa macho na kwa kidole, pole pole, kutafuta ufa. Chenye ufa hakichomelewi. Najua mafundi wa kuchomelea ni hodari, geti la kwangu walilitengeneza wao, lakini jino lililobandikwa kwa welding kwenye kitu kinachozunguka mara 7,000 kwa dakika ni kombora lililocheleweshwa.

Nati ya kisu imewatesa wengi. Mtu anaweka spana, anavuta kama anavyofungua nati zote za duniani, haiendi. Anaongeza bomba kwenye spana apate nguvu. Inakatika. Kwenye mashine nyingi za aina hii nyuzi za nati hiyo ni za kushoto: inafunguka ukizungusha kufuata mshale wa saa. Zimewekwa hivyo makusudi ili kisu kikianza kuzunguka kiikaze badala ya kuilegeza. Tundu dogo pembeni mwa giaboksi hupokea kipini cha kuzuia mhimili usizunguke, na nati inalegea kwa mkono mmoja, bila bomba, bila jasho. Mara nyingi nimemwona fundi mzee akilifanya hili mbele ya kijana aliyekuja na mashine iliyoshindikana, na hasemi kitu, anamrudishia spana.

Jambo jingine la kutazama ni kisu wakati injini iko sailensa. Bila kupewa resi, kisu kinapaswa kusimama tuli. Kama kinazunguka, aidha skrubu ya sailensa imekazwa kupita kiasi au springi za klachi zimechoka. Mashine ya namna hiyo haina muda wa kupumzika. Hata aliyesimama kupokea simu ameshika kisu kinachofanya kazi.

Mwili nao hutunzwa, au hautunzwi. Kelele masikioni mwa mfyekaji hufikia desibeli 100 kwa urahisi, na kwa kipimo kinachotumiwa na taasisi ya NIOSH ya Marekani, sikio lisilofunikwa linatakiwa kuivumilia hali hiyo kwa dakika 15 tu kwa siku. Mtetemo una hila zaidi. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton aliwachunguza wachongaji mawe wa Bedford, Indiana, waliotumia nyundo za upepo, akakuta vidole vyao vinakuwa vyeupe na kufa ganzi asubuhi za baridi. Chini ya jua la Masasi weupe huo haupati baridi ya kuutoa nje upesi. Inabaki ganzi peke yake, na mfyekaji anaikunjua mikono usiku akidhani amechoka tu.

Sasa lile la malipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, kwa Tanzania Bara, inamtaka mwajiri ampatie mfanyakazi vifaa vya kujikinga; Kenya ina yake ya 2007. Lakini anayemwita kijana wa mashine afyeke uani kwake, au uwanja wa msikiti, au wa kanisa, hajioni kama mwajiri. Anajiona mteja. Ananunua nyasi fupi. Miwani ni ya kijana, masikio ni ya kijana, na jiwe likivunja kioo cha jirani, ni la kijana pia. Kijana naye, ili apate kazi, anapunguza bei, na kinachopunguzwa kwanza ni vile visivyoonekana kwenye nyasi zilizokatwa: mwenzake wa reki, mzunguko wa kukagua, dakika za kupoza injini, uzi halali. Tunashangaa kwa nini wanavua ngao na kufunga waya, na sisi ndio tuliopanga bei inayowafanya wafanye hivyo. Siwatetei. Nasema tu kwamba lawama ina wenyewe wawili, na mmoja wao huwa amekaa kibarazani anakunywa chai, ndani ya mita 15.

Shule ndizo zinazoniudhi zaidi, kwa sababu zina uwezo wa kuchagua saa. Ratiba ni yao, kengele ni yao. Hakuna sababu ya mashine kunguruma chini ya madirisha saa nne asubuhi, watoto wakitoka mapumziko, wakati Jumamosi ipo. Na kwenye pembe za majengo, kati ya vyoo na madarasa, kwenye bustani yenye kokoto mlangoni mwa ofisi, kwanja linatosha na ni salama zaidi. Mwenye busara huingia kazini na vyote viwili.

Ewe unayemwita kijana wa mashine wiki hii: mlipe pia yule mwenzake wa reki, bei iwabebe wote wawili. Miwani ya kazi ni rahisi kuliko lita chache za petroli, basi kama hana, mnunulie wewe. Akikuonyesha waya kwenye kichwa cha mashine, mrudishe nyumbani. Na kabla hajavuta kamba, ondoka kibarazani, uende wewe mwenyewe ukapige hodi kwa majirani.